Alichoingia Nacho

Sadallah aliniacha mchana kweupe, mbele ya wazee wanne wa mji wa Bagamoyo, kwa talaka tatu, na mimi sikuwa nimewahi kuolewa naye hata siku moja. Nilifurahi mpaka nikavuta mtandio usoni meno yasionekane. Watu walidhani nalia. Niliwaacha wadhani hivyo.

Mimi ni Sihaba binti Kombo, mpishi wa shughuli. Kwetu Pangani watu walikuwa hawaozi mtoto mpaka niwe nimesimama uani na mwiko wangu. Niliolewa ujanani, mume akafa mapema, nikabaki na masufuria. Sadallah alikuwa mtoto wa watu, wa nyumba ya mawe yenye mlango wa kuchonga. Mama yake, Bi Zaina, alikula biriani yangu akajilamba vidole, lakini salamu yangu aliipokea kwa pua. Mwanawe akanipenda. Nami nikampenda, siwezi kukataa. Alikuwa na sauti ya kumtoa nyoka pangoni na alikuwa akinichekesha hata nikipuliza moto wa kuni mbichi.

Nilipomtajia ndoa akasema, "Mama hatakubali mpishi, Sihaba. Tuhamie Bagamoyo, hapana anayetujua kule. Tukae kama mume na mke. Mama akilainika, au Mungu akimchukua, siku ya pili yake naleta mahari."

Lakini kabla ya kuhama alinipeleka Tanga kwa karani mmoja aliyekuwa akiwaandikia watu mikataba barazani kwake. Karani akapiga chapa, akatusomea huku akikohoa: sisi wawili tumekubaliana kukaa nyumba moja kwa hiari yetu, hatukuoana, na kukaa kwetu pamoja si ndoa, siku tutakapoachana kila mtu atatoka na alichoingia nacho, wala hatamdai mwenzake.

"Haya yote ya nini, kama tutaoana?" niliuliza.

"Ndiyo mambo ya watu wa kisasa, mpenzi," Sadallah akacheka. "Yanakulinda na wewe pia."

Nikaweka dole gumba. Wino uliobaki nikaufutia kwenye kanzu yake kwa mzaha. Siku hizi najuta sikumfutia usoni.

Tukaingia Bagamoyo mwaka sitini na sita. Yeye alikuja na sanduku la bati na bakora ya babu yake. Mimi nilikuja na masufuria, mbuzi ya kukunia nazi na mwiko. Mji ukatupokea kama mke na mume, maana yeye mwenyewe ndivyo alivyotutambulisha. Kwa muuza kahawa, kwa maalim, kwa majirani, alikuwa akisema "mke wangu" bila kupepesa jicho. Jirani yangu Mize akawa anamwita shemeji. Mimi nilikuwa nikilisikia neno lile linanipita mwilini kama maji ya mtungi siku ya jua. Najua lilikuwa la uongo. Nililinywa tu.

Kisha tukajenga. Sadallah alikuwa akiuza boriti za mikoko, na boriti za nyumba ile zilitoka kwake, sitamdhulumu. Lakini mawe, chokaa, fundi na bati vilitoka jikoni kwangu. Mpaka leo nikipita ndani ya nyumba ile najua nakanyaga nini. Chumba cha mbele ni harusi ya wenyeji wa Mbegani walioalika watu mpaka mikeka ikapungua. Ukumbi ni maulidi. Paa ni harusi za Kiwangwa, mwaka ule korosho zilipokubali na kila mwenye shamba akataka kuoza kwa pilau. Nilikuwa nikirudi na macho mekundu kwa moshi, namkabidhi fundi kilicho chake, halafu naingia kumpikia Sadallah.

Bi Zaina akafariki. Nilimlilia vizuri tu, kama mkwe. Arobaini ikapita, nikangoja mahari. Nilipochoka kungoja nikamkumbusha.

"Mahari ya nini sasa, Sihaba?" akasema, huku akitafuta kijiti cha meno. "Si tunakaa?"

Nikaendelea kukaa.

Mwaka wa sabini na tatu, mchana mmoja baada ya kula, akanawa mikono, akajifuta, akasema, "Nataka kuoa, Sihaba."

Wallahi nilidhani ni mimi. Niliweka sahani chini isije ikanidondoka. Nikamuuliza lini, sauti yangu mwenyewe naiona imekuwa ya msichana.

"Mwezi wa Mfungo Saba. Dija, binti wa Mzee Muhidini."

Aliendelea kusema. Mimi nilikuwa natazama kisahani cha pilipili, najiuliza nikimmwagia machoni nitamwagia jicho lipi kwanza. Mpango wake alikuwa ameupanga wote. Niondoke kimya kimya kwenda Pangani. Watu atawaambia nimekwenda kuuguza ndugu, na baadaye atasema nimekataa kurudi. Aibu iwe yangu, harusi iwe yake.

"Na nyumba?" nikamuuliza.

Akaenda chumbani, akafungua lile sanduku la bati, akarudi na karatasi ya Tanga. Hakuwa na haya. Aliweka kidole kwenye mstari, mimi ambaye sijui kusoma. "Kila mtu atatoka na alichoingia nacho. Masufuria yako hakuna atakayekuzuia."

Basi nikajua ninachotaka. Nilitaka nyumba yangu, na nilitaka Sadallah aumie mahali ambapo hapatibiki. Sikutaka kimoja tu kati ya viwili hivyo. Nilivitaka vyote.

Siku hizo sheria mpya ya ndoa ilikuwa imetoka, na wanawake tuliizungumza jikoni kuliko wanaume walivyoizungumza barazani. Tuliisikia redioni: mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili na zaidi, na watu wakawajua kuwa ni mke na mume, sheria itawahesabu wameoana, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Mimi nilikuwa na miaka, na watu nilikuwa nao. Lakini Sadallah alikuwa na karatasi yenye dole langu, na karatasi ile ndiyo hiyo "vinginevyo".

Ni Mize aliyenifungulia mlango bila kujua. Alikuja uani kunisaidia kupembua mchele, uso wake umejaa habari. "Shoga, nimeyasikia ya kwa Mzee Muhidini. Wamesema binti yao haendi kwenye uke wenza. Wanataka shemeji akupe talaka kwanza ndipo waozeshe."

Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka ungo ukaniponyoka na mchele ukamwagika.

"Shoga, una nini? Umechanganyikiwa?"

"Mize, hebu niambie. Talaka anapewa nani?"

"Anapewa mke, ebo! Atapewa nani tena?"

"Basi," nikamwambia, na nikainama kuokota mchele.

Sasa nikaelewa kwa nini Sadallah alitaka niondoke kimya. Alikuwa mjanja. Tangu siku ile ya mazungumzo neno talaka halikumtoka hata kwa bahati mbaya. Muhidini alipolitaka, alimjibu kwa maneno laini, eti huyu bibi anarudi kwao, mambo yatakwisha kwa heri. Alijua akilitamka tu, karatasi yake itabaki ya kufungia karanga.

Lakini nilikwisha kukaa naye, nikamjua. Sadallah alivumilia njaa, deni na hata kutukanwa faraghani. Kitu kimoja hakukivumilia: kuchekwa mbele ya watu. Aliwahi kuzitupa kete za bao chooni, na bao lenyewe lilikuwa la kuazima, kwa kuwa mvuvi mmoja alimtania kwamba anacheza kama anayeogopa mkewe.

Nikangoja siku ya jibu la posa. Baada ya sala ya alasiri wakaja barazani kwetu Mzee Muhidini, ndugu zake wawili, na Maalim Alawi aliyekuwa akisomesha watoto mtaani. Sadallah alikuwa amevaa kofia mpya. Mimi nilijipaka wanja, nikajifukiza udi, nikatoka na sinia la kahawa na kashata. Njia yetu ilikuwa ya kwenda sokoni, watu hawakatiki.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba, mwanangu," wakaitikia.

Nikamimina kahawa taratibu. "Nimesikia mume wangu anaoa, nami nimefurahi. Mkamwambie Dija asiwe na wasiwasi. Chumba cha uani nimekwisha kumfagilia. Tutakaa vizuri, mtu na mwenzake."

Mzee Muhidini akaweka kikombe chini. "Bwana Sadallah, sisi tuliambiwa bibi anarudi kwao."

"Anarudi," Sadallah akasema haraka. "Keshokutwa."

"Narudi kufanya nini?" nikauliza, sauti tamu kama ya kumbembelezea mtoto. "Kwani nimeachwa? Mzee Muhidini, mume wangu hajaniacha, wala hawezi. Huyu? Nikikohoa tu anashtuka. Kuniacha mimi kunataka mwanamume."

Ndugu mmoja wa Muhidini akapaliwa kahawa kwa kicheko. Mwanamke aliyekuwa akipita na kapu la samaki akasimama. Nilisikia dirisha la Mize likifunguliwa.

"Sihaba. Ingia ndani," Sadallah akasema kwa meno yaliyokazana.

"Naam, bwana, naingia. Nawamiminia wazee kwanza. Wewe sikumiminii, mkono unakutetemeka, utaichafua kanzu."

Sasa walicheka wote barazani, hata Maalim Alawi aliyejifanya anakohoa. Na kule njiani wakacheka pia. Nikamtazama Sadallah usoni, nikatabasamu, nikamwongezea polepole, "Mnaona? Ananiogopa."

Alisimama hata sinia likaruka. Vikombe vikabingirika mpaka njiani. "Nimekuacha!" akapiga kelele. "Umesikia? Nimekuacha! Talaka moja! Mbili! Tatu! Toka!"

Nadhani na yeye alisikia alichokisema, maana mdomo ulibaki wazi.

"Wazee wangu, mmesikia?" nikauliza.

"Tumesikia, mwanangu," akasema Maalim Alawi kwa huzuni.

Hapo ndipo nilipovuta mtandio usoni.

"Nimesema toka!" Sadallah akarudia, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Siwezi kutoka, Bwana Sadallah. Nina eda."

Maalim akatikisa kichwa. "Ni kweli. Mwanamke akiachwa anakaa eda katika nyumba aliyokuwa akikaa na mumewe. Na wewe umemwacha tatu, bwana. Sasa ni haramu kwako, hamuwezi kukaa chini ya paa moja. Leo utalala wapi?"

Ah, uso ule! Natamani ningekuwa na mpiga picha. Akachukua viatu vyake, akaenda kulala kwenye ghala lake la boriti karibu na pwani. Nami nikafunga komeo, nikala kashata zilizobaki.

Eda niliikaa kikamilifu, eda ya mwanamke ambaye hakuolewa. Mungu ana hesabu yake na mimi, na nitaijibu mbele zake. Wakati ule nilikuwa na hesabu na Sadallah. Wanawake walikuja kunipa pole, nikawapa chai ya tangawizi. Jioni nilikuwa namwona akipita anatazama dirisha la nyumba, kanzu imekunjamana kwa kukosa wa kuipiga pasi, naye anawaambia watu kwamba eda ikiisha tu ataingiza bibi harusi wake humo. Muhidini alikuwa ametulia, amepata talaka aliyoitaka.

Eda ilipokwisha sikutoka. Baraza la usuluhishi lilijaribu kutupatanisha likashindwa, nikaenda mahakamani kudai haki yangu ya mke aliyeachwa. Nikawaomba wale wazee wanne waje kutoa ushahidi.

Sadallah alikuja na karatasi yake ndani ya bahasha, amenyoa, ananukia marashi. Hakimu, mtu wa bara mwenye miwani, akaisoma mpaka mwisho. Akanionyesha dole. "Bibi, hili ni lako?"

"Ni langu."

"Hapa umekubali kwamba hukuolewa. Unadai nini?"

"Mheshimiwa, waulize wazee hawa aliniita nani mbele yao, na aliniacha vipi."

Maalim Alawi akaapa, akaeleza. Aliona kwa macho yake, alisikia kwa masikio yake, talaka tatu, na kwa miaka yote hiyo alimsikia Sadallah akiniita mke. Ndugu wa Muhidini wakasema hayo hayo. Hakimu akavua miwani, akamgeukia Sadallah.

"Karatasi yako inasema huyu hakuwa mke. Wazee wanasema umempa talaka tatu. Nieleze. Hiyo talaka ulimpa nani?"

"Zilikuwa hasira tu, mheshimiwa."

"Ukikasirika huwa unampa talaka yeyote aliye karibu? Hata jirani?"

Mahakama nzima ikacheka. Nilimwona Sadallah sikio linamwiva. Kisha Mzee Muhidini akasimama bila kuitwa. "Mheshimiwa, nakuomba umwache ajibu. Mimi sikujua kama kuna karatasi. Kama huyu bibi hakuwa mkewe, basi bwana huyu amekaa kwenye zinaa miaka yote hii, anatuitikia dua misibani kwetu, kisha akaja kuniomba binti yangu. Nataka nisikie."

Akaketi. Na Sadallah, kwa mara ya kwanza tangu siku ya talaka, akanitazama mimi. Nayajua macho yale. Ndiyo aliyokuwa akinitazama nayo akipoteza funguo, au akiwa na homa. Alitaka nimsaidie! Nikatazama kucha zangu, nikaona hina imefifia, nikakumbuka kuwa nipake nyingine.

"Alikuwa mke wangu," akasema.

"Sema kwa sauti," hakimu akamwambia. "Iandikwe."

"Alikuwa mke wangu!"

Miaka yote ile nilikuwa na njaa ya kuyasikia maneno hayo mahali penye haki. Yakaja nimekwisha kushiba. Lakini siwaongopei, yalikuwa matamu.

Hata jibu lile halikumwokoa kwa wakwe. Mzee Muhidini alinyanyuka akasema, nasi sote tukasikia, kwamba mtu anayemkana mkewe kwa karatasi hatapewa binti yake amkane kesho. Kabla ya magharibi vitu vya posa vilikuwa vimerudishwa ghalani kwake. Kesi ikaendelea siku nyingine, fundi akaja, wenye harusi za Mbegani na Kiwangwa wakaja kueleza niliwapikia nini na nilijengea nini. Mahakama ikanipa nyumba, naye ikamwachia biashara yake ya boriti.

Akaja mwenyewe kuchukua vyombo vyake. Nilimwekea mlangoni sanduku la bati na bakora ya babu yake juu yake. Akavitazama, hakuvishika. Akavua kofia.

"Sihaba, nimefikiri sana. Mimi na wewe tunajua ukweli. Mbele ya Mungu hatukuoana, kwa hiyo hata talaka ile haikuwa talaka. Huhitaji kuolewa na mwingine kwanza ili akuhalalishie kwangu. Nikuoe sasa. Kesho, kwa Maalim Alawi, kwa mahari utakayotaja wewe."

Moyo ulinishtuka, nasema kweli. Sauti ilikuwa ileile ya kumtoa nyoka pangoni. Kwa kitambo kidogo nilimwona yule wa Pangani, ananichekesha kwenye moshi. Kisha nikakumbuka kidole chake juu ya karatasi.

"Sawa," nikamwambia. "Twende kwanza ukamweleze hakimu maneno hayo hayo. Kwamba sikuwa mkeo. Na tukitoka huko tupitie kwa Mzee Muhidini ukamweleze na yeye. Nivae buibui nikusindikize?"

Hakuwa na pa kwenda nalo neno lake, si mbele wala nyuma. Nikalisukuma sanduku kwa mguu mpaka likamgusa.

"Alichoingia nacho," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyeandikisha."

Akalibeba begani mwenyewe. Mize alikuwa dirishani, akamuuliza kwa adabu kubwa kama shemeji anasafiri.

Dija aliolewa mwaka uleule, na kijana wa ukoo mzuri wa Pangani, na Mzee Muhidini hakutaka mpishi mwingine ila mimi. Niliomba kupikia uani kwangu, kwa kuwa pana nafasi. Alasiri ile upepo ulikuwa unatoka kwangu kwenda pwani, moja kwa moja kwenye ghala la boriti, na mtu aliyekuwa analala humo nilijua kuwa yumo. Wasaidizi wangu wakataka kuifunika pilau. Nikawaambia waiache wazi.